Askari anayetumikia katika nchi ya kigeni: nani ana haki ya kumshtaki?

Askari anapopelekwa kutumikia nje ya nchi yake hujikuta chini ya sheria mbili kwa wakati mmoja, kwa kuwa kanuni za jeshi lake humfuata kila aendako na sheria za nchi mwenyeji humhusu kama zinavyomhusu mgeni mwingine yeyote. Ili sheria hizo zisigongane, serikali husaini makubaliano ya hadhi ya vikosi, ambayo hupaswa kukamilika kabla ya kikosi kuwasili.

Wengi hudhani kwamba makubaliano haya humpa askari kinga kamili, dhana ambayo kwa kiasi kikubwa si sahihi. Mwanadiplomasia hawezi kushtakiwa kwa jinai katika nchi alikotumwa, lakini ulinzi wa askari una mipaka, na mara nyingi mipaka hiyo hutegemea alikuwa akifanya nini wakati kosa lilipotendeka.

Mfano unaojulikana zaidi ni mkataba wa nchi wanachama wa NATO uliosainiwa London tarehe 19 Juni 1951, ambao Ibara yake ya 2 inawataka askari waheshimu sheria za nchi mwenyeji. Kwa mujibu wa Ibara ya 7, kitendo kikiwa kosa katika nchi moja tu kati ya hizo mbili, nchi hiyo peke yake ndiyo hushtaki. Kikiwa kosa katika nchi zote mbili, nchi iliyomtuma askari hutangulia endapo aliyedhurika ni mwanajeshi mwenzake, endapo kosa linahusu mali au usalama wa nchi hiyo pekee, au endapo kitendo kilitokana na utekelezaji wa kazi rasmi. Makosa mengine huangukia kwanza nchi mwenyeji, ingawa yenye haki ya kutangulia inaweza kuiachia nyingine.

Mzozo mkubwa huwa katika maneno "kazi rasmi". Dereva anayepeleka mafuta kambini akamgonga mtu yuko kazini, ilhali dereva huyohuyo akisababisha ajali usiku anapotoka kwenye starehe zake hayuko kazini, hata kama amevaa sare. Kati ya mifano hiyo miwili kuna eneo pana la shaka. Mwaka 1957, askari wa Marekani aliyepewa kazi ya kulinda bunduki kwenye uwanja wa shabaha nchini Japani alifyatua ganda tupu la risasi, likamuua mwanamke aliyekuwa akiokota maganda. Makamanda wake walisema alikuwa kazini, Japani ikakataa, na hatimaye Marekani ikakubali ashtakiwe huko. Askari huyo alipinga uamuzi huo hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo Julai 1957 haikuona kizuizi cha kikatiba cha kumkabidhi.

Mizani iliegemea upande wa pili tarehe 3 Februari 1998, wakati ndege ya kijeshi ya Marekani iliyokuwa kwenye mazoezi ilipokata kebo iliyobeba kibanda cha abiria kinachopita angani katika milima ya Italia na kuua watu 20. Kwa kuwa marubani walikuwa kazini bila ubishi, kesi ilihamia mahakama ya kijeshi nchini Marekani, na rubani akaachiwa huru katika shtaka la kuua bila kukusudia. Hasira ya Waitalia inaeleweka, japo kanuni ya mkataba ilifuatwa kama ilivyoandikwa.

Askari anaposhtakiwa na nchi mwenyeji bado analindwa. Anastahili kujulishwa mashtaka mapema, kusikilizwa bila kucheleweshwa, kukabiliana na mashahidi, kupata wakili na mkalimani, na kuwasiliana na mwakilishi wa serikali yake. Akishahukumiwa na nchi moja, nyingine hairuhusiwi kumshtaki tena katika ardhi hiyohiyo kwa kosa lilelile, isipokuwa jeshi lake linaweza kumwadhibu kwa kuvunja nidhamu.

Walinda amani wa Umoja wa Mataifa wana utaratibu tofauti. Kielelezo cha makubaliano cha mwaka 1990 kinaiachia nchi iliyotoa kikosi mamlaka yote ya kushtaki makosa ya jinai ya askari wake, jambo linalomfanya mwathirika ategemee nia njema ya serikali iliyo mbali naye. Kwa maoni yangu, hapa ndipo penye udhaifu mkubwa zaidi.

Kuhusu fidia, mkataba wa NATO unampunguzia mwananchi usumbufu: kwa madhara yaliyotokana na kazi rasmi, hupeleka dai lake kwa serikali ya nchi yake, nayo hulishughulikia kana kwamba limesababishwa na jeshi lake yenyewe. Ikiwa nchi moja tu iliyotuma askari ndiyo inayowajibika, hulipa asilimia 75 na mwenyeji asilimia 25, na hukumu ya madai hayo haiwezi kutekelezwa dhidi ya askari binafsi. Kwa madhara ya nje ya kazi, nchi iliyomtuma huamua yenyewe kama itatoa malipo ya hiari, na mwathirika asiporidhika anaweza kumshtaki askari huyo kwa madai katika mahakama za nchi mwenyeji.