Prosesa iko asilimia 30, mbona sauti inakwaruza?

Swali hili huniijia karibu kila wiki kutoka kwa maprodyuza, na wengi wao huwa tayari wameshaamua kununua kompyuta mpya. Subiri kwanza.

Ile asilimia 30 ni wastani, na muziki hauendi kwa wastani. Programu ya kurekodi huandaa sauti kwa mafungu madogo, yaani bafa. Ukirekodi kwa sampuli (vipimo vidogo vya sauti) 44,100 kwa sekunde na bafa ya sampuli 128, kila fungu lina takriban milisekunde 2.9 tu za kuandaliwa. Fungu moja likichelewa, unasikia "tak!", hata kama prosesa imekaa bure muda wote uliobaki.

Kwa hiyo bafa ibadilishwe kulingana na kazi. Mwimbaji akiwa kwenye maikrofoni, 64 au 128 humwezesha kujisikia bila kuchelewa. Ukishaanza kumiksi, panda hadi 1,024. Hizo ni kama milisekunde 23, na hakuna mtu anayezisubiri.

Jambo linalowashangaza wengi ni viini vya prosesa, yaani sehemu zake zinazofanya kazi sambamba. Plagini (programu ndogo za kubadilisha sauti) zilizopangwa kwenye treki moja husubiriana: ya pili haiwezi kuanza kabla ya ya kwanza kumaliza. Mlolongo huo kwa kawaida huelemea kiini kimoja, hata uwe na vinane. Treki ya namna hiyo igandishe (freeze), yaani igeuze iwe sauti iliyokwisha kuandaliwa ili plagini zake zipumzike. Na mwangwi, tafadhali, weka mmoja kwenye basi (bus, njia ya pamoja ya sauti) kisha uzipeleke treki zote humo, badala ya kufungua mpya kwa kila treki. Nimeona miradi ikipona kwa hilo peke yake.

RAM, yaani kumbukumbu ya kompyuta, ikitosha, kuiongeza hakuondoi mikwaruzo. SSD, yaani diski ya kasi, husaidia tu kupakia ala za sampuli (ala za muziki zilizorekodiwa).

Kwenye Windows, tumia draiva (programu inayounganisha kompyuta na kifaa) ya ASIO, ile ya sauti isiyochelewa, iliyotengenezwa kwa ajili ya kadi yako ya sauti, na uweke mpangilio wa umeme kwenye utendaji wa juu. Jioni moja nilifuta plagini moja baada ya nyingine huku mwimbaji akinisubiri, na mikwaruzo ikabaki palepale. Kumbe draiva ya Wi-Fi ndiyo iliyokuwa ikimkatiza prosesa. LatencyMon, programu ya bure, ingenionyesha hilo kwa dakika chache. Tangu siku hiyo huiwasha kabla sijagusa plagini yoyote, na Wi-Fi naizima kila ninaporekodi.