Siku bakapu ilipoijaza kompyuta yangu (Linux ya nyumbani na stima yetu hii)

Jumamosi moja asubuhi nimekaa zangu kibandani Wandegeya, Kampala, ninapotengeneza kompyuta za watu, mke wangu anapiga simu. "Baba watoto, hii kompyuta yako leo inakataa paswadi." Nikamwambia aandike polepole, aangalie Caps Lock. Akasema ameandika mara nne na yeye si mtoto, paswadi ikikosewa mashine huwa inasema imekosewa, leo haisemi kitu, skrini inakuwa nyeusi kidogo alafu inamrudisha palepale pa kuandika.

Hapo nikanyamaza, maana alikuwa keshanipa nusu ya jibu bila kujua. Paswadi mbovu ni ugonjwa mmoja, na paswadi nzuri inayorudishwa mlangoni ni ugonjwa mwingine kabisa. Huu wa pili maana yake mfumo umekukubali, umeanza kukupangia meza yako, ukakwama njiani, na kwa mashine za nyumbani nilizoshika mimi mara nyingi sababu ni hiyo hiyo, diski imejaa pomoni mpaka kile kifaili kidogo cha .Xauthority kinachoandikwa ukiingia kimekosa hata pa kukaa. Watu wengi wakifika hapa wanatafuta flashi wanainstoli upya kila kitu. Usifanye hivo bana. Bonyeza Ctrl+Alt+F3, itakuja skrini ya maandishi matupu, andika jina lako na paswadi, utaingia. Alafu andika `df -h`, itakuonyesha nafasi iliyobaki kwenye diski.

Jioni nikafanya hivo mwenyewe. Diski yangu ya ndani, SSD, ni ya GB 240, na mle ndani kuna mfumo, picha za watoto, hesabu za cherehani za mama watoto na vitabu vyangu, jumla haifiki 150. `df` inasema asilimia 100, nafasi iliyobaki sifuri. Sasa nani kala zile nyingine?

Ya kuuliza nani kala ni `sudo du -xh --max-depth=1 / | sort -h`, inapanga folda za juu kutoka ndogo hadi kubwa, na ile `-x` inaizuia isitoke kwenda diski nyingine. Nikaipiga. Jumla ikaja karibu 150, yaani hakuna mwizi. Nikaipiga tena, vilevile. Si unaona, `df` inasema nyumba imejaa, `du` inahesabu watu inakuta wachache. Hizi mbili zikigombana hivi, sababu ninazozijua mimi ni mbili. Ya kwanza kuna faili lilishafutwa lakini programu fulani bado imelishikilia wazi, hilo utalipata kwa `sudo lsof +L1`, au ukirestati linaachiliwa lenyewe. Nikarestati, bado. Ya pili ni mbaya zaidi kwa sababu haionekani kwa macho. Kuna vitu vimelala chini ya folda ambayo juu yake imebandikwa diski nyingine.

Ngoja nieleze vizuri maana hapa ndipo kosa langu lilipo. Kwenye Linux diski ya nje haipewi herufi kama D au E, inabandikwa juu ya folda ya kawaida. Yangu inabandikwa `/mnt/akiba`. Diski ikiwepo, ukiingia `/mnt/akiba` uko kwenye diski ya nje. Diski isipokuwepo folda bado ipo tu, tupu, na ni sehemu ya SSD ya ndani, na atakayeandika humo haoni tofauti yoyote. Mimi kila usiku saa nane nilikuwa na skripti ya rsync (programu ya kunakili mafaili) inanakili `/home` yote, folda ya mafaili yetu, kwenda `/mnt/akiba`, na sikuwa nimeifundisha kuuliza kama mwenyeji yupo.

Kumbe siku mbili nyuma kijana wangu alileta flashi ya filamu za VJ, zile zinazotafsiriwa kwa sauti juu yake, akatafuta tundu la USB, akachomoa diski yangu ya bakapu akachomeka ya kwake. Jioni stima ikakatika, ikarudi, mashine ikajiwasha. Kwenye fstab, faili linaloiambia mashine diski zipi zibandikwe wapi, nilikuwa nimeandika `nofail` ili ikikosa diski ya nje isikwame njiani, kwa hiyo ikawaka vizuri tu bila kulalamika. Saa nane ya usiku rsync ikaamka, ikaona folda ya akiba ni tupu, ikasema basi tuanze moja, ikanakili `/home` ndani ya SSD ileile mpaka ikajaa. Na kwa kuwa inaendeshwa na root, yaani mkubwa wa mfumo, ikala hata ile asilimia 5 ambayo ext4 (mpangilio wa mafaili kwenye diski za Linux) huiweka pembeni kwa ajili ya root mwenyewe. Asubuhi kijana kachomoa flashi yake, karudisha diski yangu mahali pake kwa adabu kabisa, na hapo ndipo alipoufunika ushahidi. Mi nikija natazama `/mnt/akiba` naona diski ya nje, safi, na bakapu zake.

Kuchungulia chini ya diski bila kuitoa, fanya hivi: `sudo mkdir /run/chungulia` alafu `sudo mount --bind / /run/chungulia`. Nimetumia `/run` kwa sababu yenyewe iko kwenye RAM, na diski ikijaa kabisa hata kutengeneza folda inaweza kukataa. Sasa ukiangalia `/run/chungulia/mnt/akiba` unaona kilicholala chini ya kitanda. Yalikuwa yamelala magigabaiti ya picha za watoto wangu. Nikayafuta yale, nikihakikisha mara tatu kwamba njia niliyoandika inaanza na `/run/chungulia` maana mkono ukiteleza hapo unafuta ya kweli. Mashine ikafunguka.

Dawa yake ni mistari miwili. Mwanzoni mwa skripti: `mountpoint -q /mnt/akiba || exit 1`, yaani kama hakuna diski iliyobandikwa hapo, rudi ukalale. Na nyingine, diski ikiwa imetolewa, `sudo chattr +i /mnt/akiba`, hii inaifunga ile folda tupu hata root asiweze kuandika humo, lakini diski ikija inabandikwa juu yake kama kawaida. Mi nina zote mbili sasa. Nimekuwa fundi kwa miaka na nimeyajifunza haya kwangu sebuleni, aibu tupu.

Sasa stima. Nimekulia Bombo, nimekaa Kireka, nimefanyia kazi Wandegeya, na kote huko ni ileile, inakatika bila hodi na ikirudi inarudi kwa kishindo. Mashine ya mezani isiyo na UPS (betri ya kushikilia stima) ikikatwa katikati ya kuandika, ext4 ina daftari lake inaloandika kwanza nia kabla ya kufanya, kwa hiyo ikiwaka inasoma daftari inamalizia au inaacha, sekunde chache na wewe hujui. Mara chache inashindwa, na hapo unapelekwa kwenye skrini nyeusi yenye neno BusyBox na chini yake initramfs, na hapo ndipo simu zangu nyingi zinapotokea.

Hajati jirani yangu alinijia na hiyo. "Mwanangu, mashine imekufa, inaongea Kizungu cha shetani." Nikamwambia Hajati haijafa, inakuomba ruhusa tu. Pale andika `exit`, itakutajia partisheni yenye shida, kwake ilikuwa `/dev/sda2`. Alafu `fsck -y /dev/sda2`, hiyo ndiyo inayokagua diski, iache irekebishe, ikimaliza `reboot`. Ukishaingia chungulia folda ya `lost+found`, vipande ambavyo fsck haikujua ni vya nani inavitupia humo kwa majina ya namba. Na usije ukapiga fsck kwenye partisheni inayotumika mfumo ukiwa umewaka, hapo unafanya upasuaji mgonjwa anakimbia.

Hajati alifurahi, wiki mbili akarudi, tena wiki iliyofuata. Sasa mara tatu si stima tena. Alikuwa ameshapita kwa fundi mmoja mjini akaambiwa diski imeoza anunue mpya. Mi kabla ya kumhukumu diski huwa namuuliza mwenyewe. Instoli `smartmontools`, alafu `sudo smartctl -a /dev/sda`, itamwaga jedwali refu, usiogope, kwa diski ya kuzunguka angalia namba tatu tu. Ya 5, Reallocated_Sector_Ct, ni vipande vilivyokwisha kuharibika vikabadilishwa. Ya 197, Current_Pending_Sector, ni vinavyosubiri hukumu. Hizi zikipanda wiki hadi wiki, toa data zako leo, na kama diski imeanza kukwama kusoma usiikamue kwa `cp`, tumia `ddrescue`, yenyewe inachukua kwanza yaliyo rahisi alafu inarudi kwa magumu. Ya Hajati zote mbili zilikuwa sifuri. Iliyokuwa imepanda ni ya 199, UDMA_CRC_Error_Count, na hiyo maana yake data inaharibika njiani kati ya diski na ubao mkuu wa kompyuta, mara nyingi ni kebo. Nikafungua mnara, yaani kasha la kompyuta, vumbi la kutosha kufyatulia tofali, kebo ya SATA imekunjwa kwenye kona mpaka imepinda. Nikaweka nyingine niliyokuwa nayo kwenye droo. Namba ya 199 hairudi sifuri, inakaa hapo ilipofika, cha kuangalia ni kama inaendelea kupanda. Haikupanda tena. Hajati akaniletea mandazi.

Vingine ni vya haraka. BIOS (ile programu ya kwanza mashine inapowaka) ikikulalamikia kila asubuhi ubonyeze F1 na saa imerudi miaka ya nyuma, ni ile betri ya sarafu CR2032 pale kwenye ubao, bei yake ni ya rolex mbili tatu, zile za chapati na mayai. Stima ikikatika katikati ya apdeti, `sudo dpkg --configure -a` alafu `sudo apt -f install`, na kama kerneli mpya, yaani kiini cha mfumo, ndiyo imeharibika shika Shift au gusa Esc inapowaka, chagua ile ya zamani, ndio maana usiwe na haraka ya kufuta kerneli zote. Journal, daftari la matukio ya mfumo, ikinenepa, `sudo journalctl --vacuum-size=200M`. Na mashine ikizima ghafla, kabla hujaja kwangu piga `journalctl -b -1 -p err`, hiyo ni habari ya mara iliyopita ilipowaka, makosa tu, mara nyingine imeshaandika kilichoiua.

Nirudi kwa bakapu maana watu wanajidanganya sana hapa. Mtu ananiambia mi nina Timeshift, programu ya kurudisha mfumo nyuma, kwenye Linux Mint yangu niko salama. Timeshift kwa kawaida inahifadhi mfumo, `/home` haigusi mpaka uiambie, kwa hiyo utarudishiwa programu zako zote na picha za harusi hakuna. Mwingine ana rsync yenye `--delete` kila usiku kama mimi zamani. Hiyo ni kioo, ukifuta hesabu za mwaka mzima saa tatu usiku kwa bahati mbaya, saa nane kioo nacho kimefuta. Siku hizi natumia `--link-dest` ya rsync hiyohiyo, kila siku ina folda yake ya tarehe, na faili ambalo halikubadilika halinakiliwi tena, linaunganishwa tu na la jana, kwa hiyo siku thelathini hazichukui nafasi mara thelathini. Ila diski ya bakapu lazima iwe ext4 au jamaa zake, ukiiacha na mpangilio wa exFAT kama ilivyotoka dukani hayo maunganisho hayafanyi kazi na umiliki wa mafaili unapotea.

Mtandaoni sipeleki. GB 150 kwa bando zetu, na ile kodi ya asilimia 12 juu ya data iliyokuja Julai 2021 walipoondoa ya OTT, ile kodi ya mitandao ya kijamii, hapana asante. Nina diski mbili. Moja iko nyuma ya mnara, nyingine iko Bombo kwa dada yangu kwenye sanduku la vitenge, na kila mwezi nikienda kumsalimia mama nazibadilisha. Zote zimefungwa kwa LUKS, kufuli ya paswadi ya diski kwenye Linux, kwa sababu zinasafiri kwenye teksi na mimi nimeshawahi kusahau mwavuli, simu na hata kuku kwenye teksi. Na nikifika nyumbani na ile iliyotoka Bombo nachagua faili moja bila kupanga nalifungua kabisa, si kutazama jina lake tu. Mwezi mmoja lilikataa kufunguka nikaja kugundua hilo faili lilikuwa bovu tangu kwenye SSD yenyewe, miaka miwili, na hakuna aliyejua.

Skripti nayo nimeiongeza kitu. Ikikuta diski haipo, kabla ya kulala inaandika tarehe kwenye faili liitwalo BAKAPU-IMEKWAMA.txt juu ya desktopu, kila mtu wa nyumbani alione. Wiki iliyopita nikalikuta lipo. Nikamwita kijana, akaapa si yeye. Nikaenda nyuma ya mnara na tochi, kebo ya diski imening'inia, kwenye tundu lake imechomekwa waya wa kuchaji simu, na hiyo simu ina kava la maua. Nikairudisha kebo yangu kimyakimya, sikusema kitu.