Uwanja wa pikoboli: yanayosemwa na yalivyo

Mtu akipata wazo la kujenga uwanja wa pikoboli (pickleball, mchezo wa kupiga mpira wa plastiki kwa kibao juu ya wavu), swali la kwanza huwa ni la rangi: bluu au kijani? Hilo lingefaa kuwa la mwisho. Udogo wa uwanja huu ndio unaowaponza wengi; wanaona ni sakafu, wavu na mistari michache, wanapiga hesabu ya haraka, kisha pesa zinakwisha kazi ikiwa nusu. Kinachokula bajeti hakionekani kwenye picha: ni udongo ulio chini ya zege na nafasi tupu iliyo nje ya mistari.

“Mita 6 kwa 13 zinatosha”

Mistari yenyewe, kweli, ni upana wa mita 6.10 na urefu wa mita 13.41. Ndivyo ulivyo uwanja wa badminton wa wachezaji wawili wawili, na si bahati tu: mwaka 1965 huko Bainbridge Island, Marekani, Joel Pritchard na Bill Bell walianza mchezo huu kwenye uwanja wa zamani wa badminton, na vipimo vikabaki hivyo.

Lakini hicho ni kipimo cha mistari, si cha kiwanja. Anayeanzisha mpira husimama nyuma ya mstari wa mwisho, na mpira uliokatwa kwenda pembeni humtoa mchezaji nje kabisa. Kwa hiyo eneo la chini linalokubalika ni mita 9.14 kwa 18.29, na linalopendekezwa ni mita 10.36 kwa 19.51. Wakicheza watu wa viti vya magurudumu, panga mita 13.41 kwa 22.56.

Weka hesabu hiyo kwenye mita za mraba uone. Ndani ya mistari ni 82 hivi. Eneo dogo kabisa ni 167, linalopendekezwa ni 202. Maana yake, zaidi ya nusu ya zege utakayolipia haina mstari wowote juu yake. Hapo ndipo watu hushawishika kupunguza, na hapo ndipo wachezaji hugonga uzio. Benchi, nguzo za taa na mfereji wa maji navyo havihesabiwi humo; vyote vikae nje ya kipimo hicho.

Kabla ya kuita fundi, chukua vigingi na uzi, uchore eneo zima ardhini. Simama nyuma ya mstari wa mwisho, rudi hatua tatu za haraka kana kwamba unafuata mpira mrefu. Ukijikuta umeegemea ukuta, kiwanja hakijatosha, hata kama ramani inasema kimetosha.

“Zege ni zege, fundi yeyote atamwaga”

Hii ndiyo dhana yenye gharama kuliko zote. Sakafu ya nyumba ina paa juu yake, na fundi hujisifu kwa kuipiga levo ikawa bapa. Uwanja wa nje ukiwa bapa hivyo, mvua ikinyesha ni dimbwi. Unatakiwa mteremko wa karibu asilimia 1, wa kuelekea upande mmoja tu, na vizuri zaidi uwe wa kutoka ubavu mmoja hadi mwingine. Kwa upana wa mita 10.36, ubavu mmoja utakuwa juu ya mwenzake kwa sentimita 10 hivi. Jicho la mchezaji halitatambua, maji yatatambua. Kuinua katikati chini ya wavu ili maji yakimbie pande mbili si ujanja; kunaharibu uchezaji.

Chini ya zege, udongo wa juu wenye mizizi lazima utolewe, kwa sababu mizizi ikioza ardhi hubonyea. Kisha kokoto hushindiliwa tabaka kwa tabaka, si kumwagwa kwa mkupuo na kukanyagwa juujuu. Udongo wa mfinyanzi, unaovimba wakati wa mvua na kusinyaa wakati wa kiangazi, unadai kazi zaidi, na ni heri ukaijua gharama hiyo mapema kuliko kuisoma kwenye nyufa. Jamvi la zege lenye unene wa sentimita 10 litameza mita za ujazo 17 kwa eneo dogo, au 20 hivi kwa lile kubwa. Maungio nayo, yaani mianya inayoachwa ili zege lisipasuke ovyo, hupangwa kabla ya kumwaga. Mahali pazuri ni chini ya wavu, ambapo mpira haudundi.

Halafu subira. Zege jipya huachwa siku 28 kabla ya kupakwa rangi. Ukiharakisha, unyevu uliobaki ndani utainua rangi kama malengelenge. Na rangi yenyewe ni akriliki ya viwanja iliyochanganywa na mchanga laini. Ya ukutani huteleza ikilowa. Kabla ya kuipaka, mwaga maji uwanja mzima, acha yatiririke, rudi baada ya saa moja ya jua. Penye maji bado ya kufunika unene wa sarafu pajazwe na kusawazishwa kwanza.

“Uwanja wa tenisi upo, tuchore mistari tu”

Hapa kuna ukweli mwingi. Uwanja wa tenisi pamoja na nafasi yake, mita 36.58 kwa 18.29, unaingiza viwanja vinne vya pikoboli vya eneo dogo kabisa bila kubaki kitu. Tatizo ni wavu: wa tenisi una sentimita 91.4 katikati na 107 kwenye nguzo, wa pikoboli una 86.4 katikati na 91.4 pembeni. Kwa hiyo utanunua nyavu nne, na uzio mfupi wa kuzuia mipira isiingie viwanja jirani. Nyufa za zamani utazirithi pia. Rangi mpya haizizibi.

“Kelele ni za wachezaji”

Wachezaji hupiga kelele, sawa. Kinachowakera majirani ni mlio wa mpira wa plastiki ngumu ukigonga kibao kigumu: mfupi, mkali, usiokoma. Nchini Marekani mlio huo umewafikisha watu mahakamani. Dawa rahisi ni umbali. Ukikosa umbali utahitaji pazia la kuzuia sauti, nalo lina siri yake: uzio wa waya hupitisha upepo, pazia halipitishi. Nguzo zilizotosha kwa waya zinaweza kulala siku ya dhoruba, kwa hiyo amua mapema.

“Taa tutaweka baadaye”

Weka baadaye, lakini mabomba ya kupitishia nyaya yalazwe sasa, kabla ya zege. Ni senti kwa kulinganisha na kuja kukata jamvi. Kwenye mpango huohuo, urefu wa uwanja uelekee kaskazini na kusini, ili jua la asubuhi na la jioni lisimpige mtu usoni. Hilo halina bei yoyote likiamuliwa kwenye karatasi.

“Mwenye bei ya chini ndiye nafuu”

Makisio yenye mstari mmoja, “uwanja kamili”, hayalinganishiki na chochote. Mwombe kila mkandarasi aandike unene wa kokoto na wa zege, jinsi atakavyoshindilia, mteremko, mahali pa maungio, siku za kusubiri, idadi ya mikono ya rangi (itapakwa mara ngapi), na nani atalipia madimbwi yakionekana. Mara nyingi yule wa bei ya chini ataongeza bei hapo hapo. Wewe nawe tenga fedha za kupaka upya, maana rangi ya uwanja wa nje hudumu miaka 4 hadi 8 kutegemea jua na idadi ya miguu.