Hapana, sapulai ya wati 1000 haiongezi spidi ya prosesa

Juzi tena. Dogo kaja na bodaboda hapa kibandani kwangu Kirumba, Mwanza, PC kaifunga nyuma kwa mpira kama kreti la soda, hata salamu hajamaliza: "Fundi, nimeovakloki inajizima, niwekee sapulai ya wati 1000 prosesa ipate nguvu." Yaani kailazimisha prosesa ikimbie kuliko spidi ya kiwandani, na sapulai ni lile boksi linalolisha kompyuta umeme. Wa nne huyo mwezi huu. Nikasema leo naandika, atakayekuja wa tano natuma linki naendelea na chai yangu.

Sapulai haisukumi wati. Madabodi, yaani bodi kuu, na kadi ndo zinavuta, kila moja kwa kiasi inachohitaji, na namba kwenye boksi ni ukomo wake tu. Ukipandisha simtanki la lita 5000 juu ya mnara ndoo yako ya lita 20 haigeuki kuwa ya 40. Na wale wa upande wa pili, wanaoogopa sapulai ya wati 850 itamaliza yuniti za LUKU, ni ugonjwa uleule umegeuzwa. Mashine inayokula 200 itakula 200 na upotevu kidogo, basi.

Haya, mashine ya dogo. Prosesa ni Intel i7-4790K, na nashukuru angalau ina ile K ya kuonyesha inaruhusu kuovakloki, maana nusu ya wanaokuja wana prosesa iliyofungwa na hakuna cha kuovakloki hapo. Kiwandani inaanzia gigahezi 4.0 na imeandikwa wati 88. Yeye kaipandisha 4.5 kwenye koa zote (vile viini vya ndani ya prosesa), volti kaacha kwenye oto, madabodi ijipangie yenyewe. Kwenye OTO! Madabodi ikiachiwa oto inajipakulia volti kama mtu wa msibani anayejaza sahani, nilikuta 1.30 wakati chipu hii mwanzo ilitosheka na 1.15 hivi.

Hapa ndo watu wananichosha, maana wanadhani kuongeza spidi asilimia 12 ni kuongeza umeme asilimia 12. Umeme unapanda sambamba na gigahezi, sawa, ila kwa volti unapanda kwa kipeo cha pili. Piga: 4.5 gawa kwa 4.0 ni 1.125. 1.30 gawa kwa 1.15, zidisha kwa yenyewe, unapata karibu 1.28. Zidisha hizo mbili ni 1.44. Yaani spidi asilimia 12 na nusu, umeme asilimia 44, zile wati 88 zimekuwa 126 au zaidi, kwa sababu chipu ikipata moto inavujisha umeme mwingine juu yake na hesabu yangu haijaugusa huo. Kwa hiyo adui yako ni volti, gigahezi zinasingiziwa tu.

Sasa sapulai yake. Ubavuni imeandikwa 600W kwa herufi za kuonekana kutoka Igoma. Nikaigeuza nisome ile stika ndogo ambayo hakuna anayeisoma. Mstari wa volti 12: ampea 18. Kumi na mbili mara kumi na nane ni wati 216. Hizo nyingine mpaka 600 wamejumlisha mistari ya volti 5 na 3.3 na nadhani wamejumlisha na namba ya simu ya mwenye kiwanda. Prosesa na kadi ya michezo zinakula kwenye ile 12. Prosesa 126, ongeza upotevu wa saketi za volti za madabodi uwe na 140, ana na GTX 1060 inayovuta 120 ikiwa kwenye gemu, jumla 260. Kwenye 216. Halafu unauliza kwa nini inajizima.

Niliweka mita kwenye waya wa njano, ule wa volti 12, gemu likiwa linaenda, ikasoma 11.2. Uvumilivu ni asilimia 5, chini ya 11.4 huna sapulai, una bati lenye feni. Hata kulishika mkononi unajua, jepesi kama kopo tupu la Blue Band. Nikamwekea ya wati 450 ya kweli, volti 12 zake ni ampea 37, yaani wati 444 kwenye mstari unaohitajika. Alininunia kabisa, eti fundi umenishusha kutoka 600.

Kupooza nitaenda haraka. Kila wati inayoingia kwenye prosesa inatoka kama joto, hakuna inayobaki humo, kwa hiyo ile hitsinki, chuma cha kupozea prosesa, ya wati 88 sasa inabebeshwa 126. Na hakuna feni wala maji ya kupozea yatakayoshusha chipu chini ya joto la chumba, kwa hiyo ukiona video mtu wa Ulaya ana nyuzi 75 kwenye chumba cha 21, na kibanda chako saa nane mchana kina 31, wewe jihesabie 85. Tupo pia mita kama 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa asilimia 10 hivi kuliko Dar, na hewa nyepesi inabeba joto kidogo. Kwenye karatasi ipo hivyo, ila kwa mikono yangu sijawahi kuitenganisha na vumbi.

Na vidudu vya ziwani. Vile vinavyopanda juu ya maji kama moshi, jioni vinafuata mwanga, na wewe umefunga feni za taa za rangi saba mbele ya dirisha linaloangalia ziwa. Nilishafungua mashine ya Kirumba hapahapa radieta imezibwa na vidudu vikavu kama kashata, jamaa alikuwa anataka pesti ya bei, ile ya kupaka kati ya prosesa na hitsinki. Weka chujio, safisha kila wiki mbili, pesti baadaye.

Kanuni yangu: ikikata ghafla kama umezima swichi, anzia sapulai. Ikipunguza spidi ikaendelea ni joto, Intel nyingi zinajirudisha zikikaribia nyuzi 100, yaani umeovakloki ili uende polepole zaidi. Skrini ya bluu, volti hazitoshi. Ila nisijifanye mjuaji, kuna siku nilibadilisha sapulai mbili za mteja kabla sijaona pini moja ya hitsinki imefyatuka na chipu inajizima kwa joto. Sikumwambia. Na ukiniuliza chipu itaishi miaka mingapi kwenye 1.30 nitakujibu kwa kujiamini sana na nitakuwa nabahatisha.

Ya dogo niliirudisha 4.4, volti nikaziandika kwa mkono 1.21, nyuzi 79 kwenye gemu, haijazima mpaka leo.

Kwa hiyo kabla hujanipigia: zima, chomoa waya ukutani, toa sapulai, piga picha stika yenye ampea, nitumie WhatsApp. Picha ya boksi usinitumie.