Krili wachanga: mchana mafichoni, usiku nje

Nikimweleza mtu wa Pwani krili ni nini, humwambia amfikirie uduvi, kisha amkuze. Krili wa Antaktika aliyekomaa hufika sentimita 6, na uzito wake ni kama gramu 2 tu. Wakijikusanya, mita moja ya ujazo ya maji inaweza kuwa na zaidi ya 10,000. Kwenye rekodi za mwangwi ninazosoma kazini, yaani za sauti inayotumwa majini ikagonga kitu na kurudi, kundi la namna hiyo huonekana kama doa zito, utadhani mtu kamwaga wino.

Barafu ndiyo inayotutesa. Meli ikiipasua ili ipite, imeshawavuruga wale wale uliokwenda kuwahesabu. Ndiyo maana mwaka 2001 Waingereza waliituma Autosub-2, manowari isiyo na mtu ndani, ikapita chini ya barafu ya Bahari ya Weddell, huko huko Antaktika. Ilikuta krili wamerundikana katika ukanda wa kilomita 1 hadi 13 ndani ya ukingo wa barafu, mara 5 ya wale wa maji ya wazi.

Basi wengi wakachora picha ya malisho: mwani umeota chini ya barafu, krili wanajilia. Mimi naikubali nusu. Mwani upo kweli, unaipaka barafu rangi ya hudhurungi, na krili huukwangua kwa ncha za miguu yake. Lakini katika majira ya baridi ya 2013, watafiti waliokwenda na meli ya Polarstern waliwakuta wachanga, wa sentimita moja hivi, wamejibanza mchana mahali ambapo mapande ya barafu yamepandiana. Giza likiingia, wanaachia na kutawanyika kwenye maji ya juu. Kule mafichoni chakula kilikuwa haba. Palikuwa pa kujificha zaidi kuliko pa kushiba.

Mkubwa anaweza kuvumilia: maabarani, krili wamekaa zaidi ya siku 200 bila kula, wakijibadili gamba na kusinyaa kila mara. Mchanga hana akiba hiyo. Lazima ale majira yote ya baridi, hata kama ni kidogo kidogo.

Kwangu tatizo ni jingine. Krili aliyegandamana na barafu humezwa na mwangwi wa barafu yenyewe. Kwa hiyo nikiletewa rekodi tupu, kabla ya kuandika "hawapo", nauliza kwanza ilichukuliwa saa ngapi.