Mhudumu wa kiroho aitwe mapema, mgonjwa akiwa bado anazungumza

Jumamosi ya pili ya Oktoba ni Siku ya Tiba Shufaa Duniani, yaani huduma ya kumpunguzia mateso mwenye ugonjwa unaotishia uhai, na lawama za ndugu wodini ni zilezile: mbona mmemletea padri, kwani anakufa? Shirika la Afya Duniani, katika fasili yake ya tiba hii ya mwaka 2002, liliyataja maumivu ya mwili na mahangaiko ya roho pamoja. Padri, mchungaji au imamu ni mmoja wa timu, sawa na daktari na muuguzi. Hatumwiti kuja kufunga macho ya maiti.

Utaratibu ni huu. Anayeulizwa ni mgonjwa mwenyewe, si mwanawe mkubwa, hata kama ndiye anayelipa bili. Tunamuuliza kinachompa nguvu, kina uzito gani katika uamuzi wake kuhusu matibabu, jumuiya yake ni ipi, na angependa tumsaidieje. Majibu yanaandikwa kwenye faili. Akikataa kutembelewa, haendi mtu. Hakuna ruhusa ya kumbadilisha mtu dini kitandani.

Mpako wa Wagonjwa, sakramenti ya kupakwa mafuta, kwa Mkatoliki hutolewa na padri au askofu, katekista hawezi. Aliyepoteza fahamu hawezi kuungama wala kumeza Komunyo, ndiyo maana tunahimiza mapema. Mwislamu anayekaribia kufa hulakiniwa shahada, yaani hutamkiwa ili naye aitamke, kwa upole, bila kukaririshwa mfululizo. Wosia wake nao, usiozidi theluthi ya mali, unataka akili timamu na mashahidi.

Kinachotusumbua zaidi ni kukatizwa kwa mofini, dawa ya maumivu makali. Ya maji hunywewa kila baada ya saa 4: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, kisha saa 4 usiku kwa dozi maradufu ili alale hadi asubuhi. Mkesha wa maombi ukiruka dozi, maumivu yanarudi kwa nguvu na kuyatuliza upya huchukua muda. Anayemwambia mgonjwa aache dawa ili aonyeshe imani anamtesa, na wodini hatabaki. Maji ya baraka au zamzam asinyweshwe mgonjwa anayepaliwa, kwa kuwa yakiingia mapafuni huleta nimonia. Lowesha pamba umpanguse midomo.

Siku ya kwanza ya kulazwa, mpeni muuguzi jina na simu ya kiongozi wa dini ambaye mgonjwa amemchagua. Kwa anayeuguzwa nyumbani, mpeni muuguzi anayemtembelea.