Uhindu haukusimama pale pale: dhana potofu na ukweli

Dhana: Ibada za Kihindu za leo ndizo zile zile za miaka elfu tatu iliyopita.

Veda ni maandiko ya kale kweli, na mantra zake, yaani maneno matakatifu, zingali zinasomwa harusini. Ila mengi tunayoyaona leo yana tarehe ya kuanza. Chukua sikukuu ya Ganesha, mungu mwenye kichwa cha tembo, kule Mumbai, sanamu kubwa zikisindikizwa baharini kwa ngoma. Kumwabudu Ganesha ni jambo la zamani, lakini kwa familia nyingi za Maharashtra, jimbo lenye Mumbai, ilikuwa ibada ya nyumbani. Mwaka 1893 Bal Gangadhar Tilak, mwenye gazeti la Kesari, alianza kuhimiza ifanywe hadharani, mtaa kwa mtaa. Waingereza, waliotawala India wakati huo, waliiandama mikutano ya siasa lakini walisita kugusa dini, basi watu wa matabaka mbalimbali wakakutana mbele ya Ganesha, wakaimba na kusikiliza hotuba za uzalendo. Mwaka uliofuata mchoraji Raja Ravi Varma alifungua kiwanda cha kuchapa picha, na Lakshmi wake, mungu wa kike wa utajiri, akafika hadi kwenye kuta za nyumba za maskini. Anayesema kwa hiyo yote haya ni bandia naye amekosea: watu walisali kwa dhati mbele ya picha hizo, na wanasali hadi leo.

Dhana: Wahindu wote huabudu sanamu.

Dayananda Saraswati, aliyeanzisha Arya Samaj, harakati ya kuurekebisha Uhindu, mjini Bombay (Mumbai ya leo) mwaka 1875, alizikataa kabisa. Wafuasi wake huomba mbele ya moto. Hata wanaozitumia hawaabudu udongo. Sanamu hufanyiwa kwanza ibada ya kumkaribisha mungu ndani yake, na ndiyo maana Ganesha huweza kuzamishwa majini sikukuu ikiisha: ameshaagwa.

Dhana: Kila Mhindi ni Mhindu.

Hili sisi wa pwani tusilikosee. Mabohora na Waismailia ni Waislamu, Wagoa wengi ni Wakatoliki, na Masingasinga wana dini yao.

Dhana: Wahindu wameukubali ubaguzi wa matabaka ya kuzaliwa bila kuuhoji.

Huko Vaikom, Kerala, kusini mwa India, mwaka 1924 watu waliandamana kudai watu wa matabaka ya chini wapate haki ya kupita tu kwenye barabara zinazozunguka hekalu. Mwaka 1936 Maharaja (mfalme) wa Travancore, dola iliyokuwa na mji huo wa Vaikom, alifungua mahekalu ya dola yake kwa Wahindu wa matabaka yote, na katiba ya India ya 1950 ikapiga marufuku kumtenga mtu kama najisi. Ubaguzi haukuisha. B. R. Ambedkar, aliyeongoza kamati iliyoandika rasimu ya katiba hiyo, hakuridhika: mwaka 1956, mjini Nagpur, aliuacha Uhindu na kuingia Ubuddha pamoja na mamia ya maelfu ya wafuasi wake.